Ukingo Mwembamba kama Ukucha

Hebu mwone anavyoingia gereji: mwanamke mfupi, ovaroli kaikunja mara mbili miguuni, uzi wenye nati nzito ukining'inia shingoni badala ya mkufu. Huushusha uzi huo kando ya gurudumu, akakodoa macho, akakwambia limelala kiasi gani. Ndiyo maana wote humwita Timazi, kama ile kamba ya mwashi ya kupimia ukuta.

Asubuhi hiyo alimkuta mdogo wake anamngoja na lile gari lake kuukuu, lililokatwa springi mpaka tumbo linakaribia kulamba lami. Magurudumu ya mbele yameinamiana kwa juu kama watu wawili wanaonong'onezana. Mama yao ameketi nyuma, mkoba mapajani.

"Dada, linakula tairi upande wa ndani. Lisimamishe magurudumu kidogo, nampeleka mama safari."

"Gari umelikalisha kama bata anayeatamia, halafu unataka lisimame?"

"Ndiyo fasheni, dada. Wewe kaza boliti tu."

Mama akacheka, akashuka, akakaa kwenye benchi. Timazi akapiga jeki, akatoa gurudumu, akafungua boliti ya juu inayoshikanisha shokapu na gurudumu. Hiyo ndiyo huamua gurudumu lisimame au lilale. Ilipotoka, akasogeza uso karibu. Tundu lake lilikuwa limepanuliwa kwa tupa ili boliti ipate pa kusogea, na ukingo wa chuma uliobaki ulikuwa mwembamba kama ukucha. Ufa umeshaanza.

Kazi ile aliijua. Ilikuwa ya mkono wake, mwaka jana, mdogo mtu alipotaka magurudumu yalale.

Angeweza kukaza, akapaka grisi juu, na hakuna ambaye angeona. Akaiweka spana chini.

"Mbona umeacha?" mdogo mtu akauliza.

"Hili haliendi popote."

"Dada, acha utani!"

"Chuma hiki kikikatika kwenye kona, gurudumu linalala, na mama yumo ndani."

"Nani kalichimba tundu hivyo, yule fundi aliyekata springi? Nitajie nikamkabe!"

Mama alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama bintiye tu.

"Ni mimi," Timazi akasema.

Mama akainuka, akamshika kiganja chenye grisi. "Basi, mwanangu. Si umeona mapema? Sisi tuko hapa."

Maneno hayo hayakumfikia. Alikuwa anataja kwa midomo isiyotoa sauti: teksi ya jirani, gari la mwalimu, lile jekundu la kubebea maharusi, na lingine ambalo hata mwenye gari hamjui. Yote aliyachimba matundu mwaka uleule, kwa tupa ileile. Namba za simu za wenye magari anazo mbili. Hayo mawili mengine, ndugu yangu unayesoma, unadhani yako kwenye mteremko gani sasa hivi?