Rangi ya Naserian

Naserian ananunua mbuzi Kajiado na kuuza Kitengela, na sijaona mtu aliyempunja. Nimefanya biashara kando yake tangu alipokuwa anavuta mnyama mmoja kwa kamba. Hana maneno mengi. Akitaja bei, unachukua ama unampisha mwenzako.

Alipoolewa na Muturi, fundi wa mageti, walienda kwa msajili wa serikali, wakatia sahihi, mchana wakarudi kazini. Askofu Maundu hakuwasamehe. Kwake, ndoa isiyopita madhabahuni si ndoa.

Mwaka huu Naserian aliwania uenyekiti wa soko dhidi ya Githongo, mchinjaji na mzee katika kanisa la Askofu. Mwenyekiti ndiye anayeamua nani atumie uwanja, na Askofu aliutaka uwanja huo kwa ndoa ya pamoja Jumapili moja: maharusi kwa safu, na mgombea ubunge wake akiwa mgeni rasmi, kipaza sauti mkononi.

Kabla ya kura akamfuata Naserian zizini.

"Mama, njoo nawe ufungishwe. Mheshimiwa ananunua gauni. Ukisimama mbele ukiri umekuwa ukiishi kwa dhambi, Githongo atajiondoa."

"Na nisipokuja?"

"Nitawaambia watu ukweli."

"Waambie. Wengi wao tunaishi nao ploti moja, wanatujua."

Kura yetu ni ya mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako. Watu walipokwisha kujipanga, Askofu akaomba, na ndani ya maombi akamweleza Mungu, kwa sauti ya kutosha sisi kusikia, kwamba soko haliwezi kuongozwa na mwanamke asiye na mume. Muturi alikuwa pale pale, na ovaroli yake. Watu wakaangalia chini. Nusu ya soko hawajawahi kufunga ndoa popote.

Naserian hakungoja amina. Akachukua mkebe wa rangi, ile tunayopaka mnyama akishanunuliwa, akauinua.

"Askofu, unaona hii? Hapa mbuzi ikishapakwa rangi ya mwenyewe, mtu akija kupaka yake juu, tunamwita nani?"

"Mwizi!" soko likajibu.

"Mimi na Muturi tulishapakwa rangi kwa msajili. Wewe unatafuta nini na brashi?"

Soko likaangua kicheko. Mzee Lemein akatoka kwa mstari wa Githongo, amemshika mkewe mkono. "Mimi nilipeleka ng'ombe kwa baba ya huyu. Sasa leo naambiwa sina bibi?" Wakasimama nyuma ya Naserian. Wengine wakafuata, mstari ukapita choo ukafika barabarani. Githongo akabaki na wazee wenzake wa kanisa na mke wake, naye mke anacheka.

Askofu hakukawia kuja, tabasamu limerudi.

"Mama mwenyekiti, hongera. Basi ile Jumapili yetu iko?"

"Jumapili tunazoa mavi ya mbuzi, Askofu. Mwambie Mheshimiwa aje siku ya soko, alete mnyama, apange foleni kwa lango kama sisi."