Bolti Nne za Gari la Shangazi

Kuna siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ingawa hakuna aliyeoa wala aliyezaliwa siku hiyo. Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba hapa hapa uani kwetu Nyahanga, kopo la nati mapajani, brashi ya waya mkononi, anasugua kutu huku anaimba wimbo wa kulimia pamba. Akainua kichwa akaniuliza, "Injini inarudi lini?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Wiki ijayo, baba." Akaniamini, akaendelea kuimba.

Ninyi vijana mnakuja hapa kupiga picha mmeegemea Landrova yangu ya kijani, mnasema mzee ana gari kali. Kali kweli, nililisuka mwenyewe kuanzia chesisi. Mnanitania pia kwamba ni mchoyo, maana mkiomba lifti wote nawapeleka nyuma na kiti cha mbele kinabaki kitupu. Leo umekuja peke yako. Umeniambia unataka kulifungua gari la marehemu babu yako ulijenge upya nyumbani, na bibi yako anangoja kwa hamu alipande. Umeomba winchi. Halafu ukadokeza, kama jambo dogo tu, kwamba gia boksi umemwazima rafiki yako wa Geita mpaka apate yake, na bibi hajui. Winchi utapata, mwanangu. Lakini kaa kwanza.

Landrova hii baba aliinunua kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Shangazi aliolewa Isaka, ng'ombe wakaja nyumbani, na kwa desturi yetu Wasukuma ng'ombe wale ndio ambao kaka mtu angeolea. Baba akaahirisha kuoa. Aliwauza, akanunua gari kuukuu kwa mfanyabiashara wa pamba. Walimcheka sana, wakamwambia ng'ombe wanazaa na gari halizai. Yeye akalitia barabarani, likabeba pamba, wagonjwa, maharusi, hata maiti, na mwishowe likamletea mke, ambaye ndiye mama yangu. Lakini maisha yake yote aliliita gari la dada. Shangazi akija kututembelea, kiti cha mbele kilikuwa chake, na mama mwenyewe alihamia nyuma bila kununa.

Mimi nilipokua, gari lilikuwa limeshachoka. Chesisi imeliwa na kutu, milango imening'inia, kuku wanatagia humo ndani. Nilikuwa nimetoka kujifunza ufundi Isaka kwenye malori, kijana mwenye mdomo mkubwa, na miguu ya baba ilikuwa imeanza kukataa. Nikamwambia nitalifungua lote mpaka libaki chuma kitupu, kisha nilirudishe kipande kwa kipande, na safari ya kwanza itakuwa ya kumfuata shangazi. Alifurahi mpaka akaona haya. Alinishika mkono akasema, "Wabeja, baba," yaani asante, maana kwetu mzazi humwita mtoto wake baba pia.

Tulifanya kazi hiyo wawili. Mimi nilifungua, yeye akapokea. Niliandika majina ya vipande kwenye makaratasi, yeye hakujua kusoma, basi akafunga kamba za katani kwenye kila kopo: fundo moja mlango wa kushoto, mawili mlango wa kulia, matatu breki, na kuendelea hivyo. Nilimcheka. Makaratasi yangu yaliliwa na panya kabla ya masika, kamba zake zipo mpaka leo. Tulipoinyanyua injini kwa mnyororo, bolti nne zilizokuwa zimeishikilia alizichukua mwenyewe. Alizipaka grisi, akazifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu ya mama, akatia kamba ya mafundo saba. Akaniambia, "Hizi utazidai kwangu siku ya kuirudisha."

Sasa wakati huo huo ikatokea rashi upande wa Geita. Dhahabu imeonekana, watu wanahama na masufuria. Rika langu lote lilikwenda, mimi nimebaki nakwangua kutu na mzee. Nakiri niliona aibu. Akaja rafiki yangu Masanja kutoka machimboni, vumbi mpaka kwenye kope. Walikuwa na karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na injini ya kuizungusha ilikuwa imekufa.

"Kaka, mawe yamelala chini yanatuangalia," akaniambia. "Hiyo injini yako si imekaa tu?"

"Ni ya mzee."

"Mzee atajuaje? Miezi miwili. Hujamaliza kuchomelea chesisi nimeshairudisha, na mifuko yako ya mawe nimekutengea."

Tuliipakia siku baba alipopelekwa kliniki. Aliporudi nikamwambia imekwenda Mwanza kuchongwa silinda. Ulikuwa uongo mzuri, na uzuri wake ndio ulioniponza, kwa sababu injini kuukuu kweli huchongwa silinda na kweli mafundi huchelewesha. Baba hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Miezi miwili ikawa mitano. Kila wiki aliuliza, kila wiki nikamjibu wiki ijayo, naye akaendelea kusugua nati mpaka zikang'aa.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Isaka kwamba shangazi ni mgonjwa, hali chakula, na anamtaja kaka yake. Mama akamwambia baba apande basi kesho yake, kutoka hapa Isaka si mbali. Baba akakataa. "Kijana amesema wiki ijayo," alisema. "Nitamfuata dada kwa gari lake, nimkalishe mbele, nimlete atibiwe hapa karibu nami."

Nilikuwa nimesimama pale pale, spana mkononi. Maneno manne tu yalitosha: baba, injini haipo Mwanza. Angekasirika, angenitukana, kisha angepanda basi. Sikuyasema. Nilimwambia nitawahimiza mafundi, nikampelekea Masanja ujumbe, naye akajibu wamefikia mawe mazuri, nimvumilie kidogo. Wiki ikapita, na ya pili. Katika ya tatu shangazi akafariki.

Tulikwenda mazikoni kwa gari la kukodi, watu wawili wakamnyanyua baba kumwingiza. Baada ya kuzika tumekaa kwenye mkeka, akaja Luhende, mtoto wa shangazi mwenyewe, naye alikuwa mchimbaji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Pole sana, baba. Mama yako ametuacha."

Luhende akataka kumchangamsha mzee kidogo. "Mjomba, ile injini yako ni chuma! Kule machimboni inasaga mawe toka asubuhi mpaka jioni, haijakohoa hata mara moja."

Alikuwa anaisifu, masikini, hakujua lolote. Baba akanitazama. Nilitamani nifukiwe mimi badala ya shangazi. Tulipofika nyumbani na kumketisha kwenye kiti chake ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ng'ombe wa dada yangu umewaazima watu, na mimi hukuniambia. Ningekwenda kwa basi. Ningebebwa hata mgongoni. Wewe ndiye uliyeniambia nisubiri."

Basi, ni hayo tu. Hakunilaani, hakunifukuza, wala jambo hilo hakulitaja tena. Ningeona nafuu angenipiga kwa ile brashi ya waya. Asubuhi yake akaomba aletewe makopo, akaendelea na kazi yake, ila kuimba aliacha.

Injini ilirudi kwenye lori, bloku, ule mwili wake wa chuma, imepasuka. Waliiendesha bila maji siku ambayo maji yaliadimika kule. Hiyo mifuko ya mawe sikuiona wala sikuiulizia. Baba aliipapasa injini ile, akasema ifunikwe turubai isinyeshewe. Mimi nilimwomba radhi, ndiyo, lakini nilimwomba kwa haraka, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu sokoni. Nilidhani nitapata siku nzuri zaidi ya kukaa naye na kuyasema yote. Kabla ya masika mengine naye akamfuata dada yake.

Miaka mingi chesisi ilikaa pale uani, na nikipita nageuza uso. Nilikuja kuishika tena nikiwa nimeshapata wajukuu, baada ya kupata injini ya aina ile ile. Kila nilipokwama nilifuata mafundo ya baba, wala hayakunidanganya hata mara moja. Ikafika siku ya kuketisha injini. Nikalitafuta kopo la mafundo saba, nikafungua kile kipande cha kanga. Bolti zote nne zilikuwa safi, zimelowa grisi, hazina hata doa la kutu.

Mama alikuwa bado hai. Nikamuuliza ni nani aliyezipaka. Akasema, "Baba yako. Kila Jumapili alikuwa akizifungua na kuzipaka. Hata baada ya msiba wa shangazi yako. Hata wiki ile ya mwisho, alinipa kopo la grisi akaniambia niendelee, maana utakuja kuzidai." Naye mama alikuwa ameendelea, miaka yote hiyo, wala hakuniambia. Nilikaa chini pale kwenye vumbi nikalia, mzee mzima, wajukuu wananiangalia.

Safari ya kwanza nilikwenda Isaka, peke yangu, kiti cha mbele kitupu. Nilisimama kwenye kaburi la shangazi nikazima injini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na pale sikuweza kusema hata moja. Sasa unajua kwa nini nawapeleka nyuma.

Basi ushauri wangu ni huu. Gari kuukuu la nyumbani si lako hata kama ufunguo uko mfukoni mwako. Kabla ya kufungua nati ya kwanza, muulize bibi lilikujaje, na vipande vyake usimwazime mtu bila yeye kujua. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kwa aibu yako yote. Kutu nimeikwangua nikaimaliza, mwanangu, lakini ile "wiki ijayo" niliyomwambia baba sijapata cha kuikwangulia.

Winchi iko nyuma ya stoo, ichukue. Lakini leo ukifika nyumbani, kabla hujala, mwambie bibi gia boksi iko wapi, na kesho asubuhi ukaifuate Geita. Mungu akupe mikono yenye nguvu na ulimi usiochelewa. Amweke bibi yako mpaka akae kwenye kiti cha mbele, nawe ukiwa umeshika usukani. Siku hiyo mpitishe hapa kwangu. Nitatoka nje niwaone.