Niliingia PC ya ofisi Tunduma kwa Ubuntu nikiwa ukweni Ikinga, Bi Zuhura akawa ananitupa nje

Wakuu, salaam. Hii siyo chai. Shahidi ni mke wangu, yupo hapa pembeni anasoma kila ninachoandika.

Enzi hizo nilikuwa ofisi ya clearing Tunduma. Laptop yangu ilikuwa na Ubuntu, maana Windows ilishaliwa na virusi vya flash za watu. Ofisini walinicheka sana.

Shida ni kwamba mfumo wa forodha ulikuwa unafunguka kwa Internet Explorer tu, yaani PC ya ofisi, Windows 7. Basi nikawasha Remote Desktop kwenye ile PC, nikafungua port kwenye router, na kwenye Ubuntu nikaweka Remmina, programu ya kuingia PC nyingine kwa mbali. Nikijaribu usiku nikiwa nyumbani Chapwa, inakubali vizuri tu. Wenzangu nilikuwa bado sijawaonyesha.

Jumamosi moja tukaenda Ikinga, Ileje, kujitambulisha kwa kina Tusekile, ndiye huyu mke wangu. Mimi na baba mdogo, ndiye mshenga. Laptop nilibeba kwa ushamba, nionekane msomi.

Tumefika Itumba, bosi akapiga. Fuso la ndizi limezuiwa mpakani, namba ya gari kwenye entry ya forodha imekosewa, na anayejua kurekebisha ni mimi.

"Rudi. Fuso likilala hapa, Jumatatu usije."

Nikamgeukia baba mdogo. Akasema, "Ukirudi leo, binti umemkosa. Wenzio wameshachinja."

Tukaendelea na safari mpaka Ikinga.

Sasa kwa msiojua: siku ile muoaji haongei. Mshenga anaongea ndani, wewe unakaa nje mpaka uitwe, binti aulizwe mbele ya wazee kama anakufahamu. Ukiitwa ukakosekana, umewadharau, habari imeishia hapo.

Nikasema huu ndio mwanya. Walipoingia ndani, nikapanda kilima nyuma ya nyumba na laptop na modem. Simu ilikuwa imekamata mtandao wa Malawi, kupiga haipigi. Modem ikakamata E. Nasema E wakuu, siyo 3G.

Remmina ikaleta kioo cheusi. Nikashusha rangi mpaka 256, nikaondoa picha ya desktop, ndipo screen ya ofisi ikaanza kujichora kipande kwa kipande. Cha kwanza kuona ni karata za Solitaire. Nikacheka peke yangu mlimani.

Nikafungua mfumo. Kabla sijaifikia entry, nikatupwa nje.

Nikaingia tena. Nikatupwa tena.

Hapo nikaelewa. Windows 7 inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Nikiingia mimi, kule ofisini screen inajifunga. Na aliyekaa pale ni Bi Zuhura, keshia wetu, mama wa Kitanga. Anaona PC imejifunga, anaandika password, mimi huku natolewa. Ila account ni ileile moja, kile alichoacha mmoja wazi, mwenzake anakikuta.

Nikaingia, nikafungua Notepad fasta: BI ZUHURA NI MIMI EDO NIPO IKINGA USIGUSE PC.

Nikatupwa. Kurudi nakuta kaandika chini yake: "Audhubillahi. Nani wewe?"

Nikaandika NI MIMI KWELI. Nikatupwa. Nakuta: "Kama ni Edo, jana nilikunyima nini?"

Nikaandika: SAMBUSA YA PILI.

Hakunitoa tena.

Nikarekebisha namba ya gari, kila click nasubiri weee. Nimefika ukurasa wa mwisho, unajichora taratibu, baba mdogo akaniita kutoka chini. Mara ya pili akaniita kwa jina la ukoo, na yule mzee akifika huko ujue ameshakasirika.

Nikaandika: BI ZUHURA INGIA UBONYEZE SUBMIT KISHA PRINT UMPE DEREVA, NAITWA UKWENI. Nikafunga laptop, nikateremka mbio, suruali imejaa mbegu za nyasi.

Tusekile akaulizwa. Akanitazama kuanzia usoni mpaka kwenye zile nyasi, akasema, "Namfahamu." Vigelegele vikapigwa.

Nilifurahi jamani, lakini nusu ya akili ipo mpakani. Bi Zuhura hajawahi kugusa ule mfumo. Nyama nilikula bila kujua ladha yake.

Baada ya kula nikaomba ruhusa, nikapanda kilimani na Tusekile, shangazi yake anatufuata kwa mbali kama mlinzi. Nikaunganisha. Notepad ipo wazi, chini kabisa kumeandikwa:

"Fuso limevuka. Bosi anacheka. Na wewe je, umepokelewa?"

Nikataka kujibu. Tusekile akanisogeza mkono, akaandika mwenyewe, herufi moja moja: NIMEMPOKEA.

Funzo langu: kabla hujaingia kwenye PC ya watu kwa mbali, mwambie aliyekaa kwenye kiti. Na najua mnakuja kunishambulia kuhusu kuacha port wazi. Sikujua, siku hizi natumia VPN.

Kama nawe umewahi kutolewa katikati ya kazi hivyo, mwaga hapo chini tucheke wote. Ile file ninayo mpaka leo. Bi Zuhura aliisave kwa jina la "jini", na ndiyo aliyoisoma kwenye harusi yetu.