Babu Alipomleta Shujaa wa Sinema Bubu

Usiku ule wa kuamkia mdahalo nilimwota babu. Mimi ndiye niliyepangwa kuufungua mbele ya shule nzima, na sauti yangu sasa hivi inabadilika: inaanza nzito, katikati inalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nilikuwa nimeshaamua siendi shule.

Babu alifariki mwaka jana. Enzi zake alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye kibanda cha video. Watu wanaangalia picha, yeye na maikrofoni yake anasema maneno ya wahusika wote, wa kike kwa wa kiume. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa sinema bubu ya zamani, ya shujaa mmoja mwenye upanga na masharubu membamba. Kwa kuwa hakuna aliyejua shujaa anasema nini, babu alijitungia.

Ndotoni tuko kibandani, mchana, mabenchi yamejaa. Shujaa anaingia kwa kuruka dirishani, ingawa mlango uko wazi. Mwili mzima wa kijivu. Anafungua mdomo, sauti haitoki. Maneno yanajiandika ukutani, na babu anayasoma kwa sauti.

"Mzee, kwa nini kila nikichomoa upanga ulisema nadai wali wangu?"

"Watazamaji walikuwa na njaa, mwanangu," babu anamjibu. "Ulitaka udai nini?"

Mabenchi yanacheka. Shujaa anafikiri kidogo, anakubali kwa kichwa. Halafu babu ananigeukia, ananipa maikrofoni.

"Mjukuu wangu, koo la marehemu hukauka upesi. Malizia wewe."

Nasoma, na sauti inanipasukia neno la kwanza tu. Ukuta unaeleza kwamba shujaa alianza kwa kuzoa mavi ya farasi wa sinema, mpaka siku moja akapandishwa juu yao. Akaruka minara, akabembea kwenye mapazia, akapigana na watu sita huku anakula tufaha. Akina mama wa viti vya mbele walizimia. Kisha sinema zikaanza kusema. Siku alipofungua mdomo, ikatoka sauti ya kifaranga. Ukumbi ukacheka. Akatokea mlango wa nyuma, akaenda kwao, hakuigiza tena.

Shujaa ananisogelea. Maneno yanakuja polepole.

"Baadaye niliambiwa: walicheka kidogo tu, kisha wakanyamaza, wakangoja niendelee. Mimi nilishafika stendi."

Nikaamka nimekaa kitandani, mkono umeshika maikrofoni isiyokuwepo. Kulishakucha. Kaka yangu Idi, kitanda cha pili, alikuwa ananitazama.

"We vipi?"

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, na sauti ikalia.

Idi alicheka mpaka akajifunika shuka usoni. Nikangoja. Alipomaliza, akachungulia kuona kama bado nipo.

"Mtunza muda," nikaendelea, "walimu, na wanafunzi wenzangu."