Baiskeli ya Sukari

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia sokoni. Tangu biashara ziwe huria, maduka ya Sumbawanga yanagombania wateja, na Mzee Salumu wa duka la jumla aliahidi baiskeli kwa atakayenunua sukari nyingi kuliko wote. Nilipiga hesabu kwa utulivu. Nikawa nanunua mifuko kwake, namuuzia mchuuzi wa Muze kwa bei ileile, kisha narudi dukani na pesa zilezile. Baiskeli ingekuwa faida tupu.

Jumamosi niliitwa mbele ya umati.

“Hongera, katekista,” alisema Mzee Salumu. “Hebu tuambie, sukari yote ile ya nini?”

Nilisita, nikihofia kunyimwa baiskeli akijua naiuza tena.

“Ya kupikia gongo, nini kingine?” mtu akadakia.

Watu wakacheka. Padri, aliyenikabidhi watoto wa komunyo ya kwanza, hakucheka. Nikasema haraka kwamba yote tumeitumia nyumbani.

“Nyumbani kwa nani, Baba Kasiani?” aliuliza mke wangu, aliyekuja kunishangilia. “Mbona sisi chai tunakunywa kwa chumvi?”