Eda ya Kapteni wa Nyota

Enzi zetu pale Bofu, runinga ilikuwa moja mtaa mzima, nayo ni ya nyanya yangu, Bi Salma. Picha zake nyeusi na nyeupe, inakula betri ya gari, na juu yake kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Jumamosi baada ya alasiri huingii ukumbini mpaka uwe umesoma sura yako ya Kurani chuoni na umenawa miguu. Tulibanana mkekani, vidole vinanuka bajia, tukimngoja Kapteni.

Kapteni alikuwa na kitaa kinachowaka kifuani na chombo kipaacho baina ya nyota, na mkewe ndiye daktari wa chombo. Kizungu chao tulikidaka nusu, nusu tukajitungia, na mimi ndiye mkalimani wa nyanya. Wallahi nilimpenda yule mtu!

Sasa siku hiyo walitua kwenye nchi ya watu wenye macho mgongoni. Kapteni akamulikwa na mwale mmoja, pwaa, akawa jivu. Mkewe akatoa chozi, moja tu, akalifuta. Kabla ya muziki wa mwisho tukamwona anacheka na fundi mitambo, wameshika bilauri za kitu kinachofuka moshi.

Nyanya akasimama. "Jivu la mumewe halijapoa! Na eda je?"

"Nyanya, hajafa," nikamwambia. "Nimekiona kile kitaa cha kifuani pake kinawaka jivuni."

"Taa ni taa. Kwani redio ikiwaka ina roho?"

"Na tena si Waislamu."

"Mume si mume? Kama yeye hataki kukaa eda, itakaliwa na runinga."

Mama Kadzo, jirani yetu Mgiriama, mtu wa kanisani, tulidhani atatuokoa. Akasema hata kwao mjane hachekicheki hivyo, akaenda kuleta birika la chai ya msiba.

Basi runinga ikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Maua yakaondolewa, maana mwenye eda hajipambi. Ikafunikwa shuka nyeupe gubigubi. Mjomba Athmani alikuja kutazama mpira, akarudishwa mlangoni: mwanamume asiye maharimu, nduguye wa damu, haingii kwa mwenye eda. Akauliza, "Na maharimu wa runinga ni nani?" Nyanya akafikiri kidogo, akasema ni fundi wake.

Watu wazima walicheka, wakazoea. Mimi nilikonda. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama Kapteni yu hai, na sikuwa na wa kumwuliza. Wenye runinga niliowasikia wote walikuwa ng'ambo ya feri. Nikawa nahesabu siku ukutani kwa mkaa, nachapwa kwa kuchafua ukuta, nahesabu tena. Tukicheza mpira wa kati, wenzangu wananipigia kelele, "Mjane huyo!"

Siku ya kutoka eda nyanya aliipangusa runinga kwa marashi, akafukiza udi, ukumbi ukajaa pomoni. Betri ikaunganishwa. Akatokea bwana mmoja anaeleza namna ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Jumamosi iliyofuata, ng'ombe tena. Mchezo wetu ulikuwa umekwisha zamani. Nililia mpaka Mama Kadzo akanibeba mgongoni, jitu zima mimi. Nyanya akanipapasa kichwa. "Tumemwekea heshima yake, mwanangu. Yatosha." Lakini hakunitazama usoni.

Watoto wa leo mambo yao mbio. Binti yangu Zuhura hutazama vipindi vinane kwa kikao kimoja. Mtu anakufa mbele yake, naye anachovya viazi karai kwenye ukwaju. Mwambie angoje wiki, atadhani umemtukana.

Mwezi uliopita nikamsimulia kisa hiki. Akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akagusagusa simu, akanipa: hiki hapa, Mama, kile kipindi kilichofuata. Kapteni aliinuka dakika ya nne. Dakika ya nne! Akajikung'uta jivu mabegani, akauliza chakula. Kumbe tumemkalia eda mtu aliye hai! Niliinuka mbio nikamwambie nyanya, nimeshavaa kiatu kimoja, ndipo nikakumbuka kwamba huu ni mwaka wa tisa tangu tumzike.

"Mama, niweke kinachofuata?" akauliza Zuhura.

Nikamwambia azime.