Uso wa Bluu Mbele ya Chefu

Bandugu, mucheke kwanza, mumalize, juu hata mimi nikijiangalia ku kioo nashindwa kujitetea.

Niko mwalimu wa chimie, kemia, hapa Butembo. Tante Kavira, dada ya baba, na bamama wenzake ba kanisa banapaka bitambaa rangi, na maji yao ilikuwa inashuka bluu mpaka ku kijito. Chefu wa kartie, mutaa yetu, alichoka, akasema: ikiendelea, kazi inafungwa. Na ile kazi njo inasomesha batoto ba Tante.

Donc nikatafuta poda fulani nyeupe: unaitia mu maji, unaweka ku jua, mwangaza unaiamusha na inakula rangi. (Nilijaribu mu chupa, ikakubali, kichwa ikanivimba.) Siku ya Mungu asubuhi nikaitia mu beseni ya rangi, nikaweka mu kiwanja ya kanisa, nikaita chefu, na mbele ya batu yote nikasema tukitoka ibada maji itakuwa safi mpaka nitanawa nayo uso. Nani alinituma?

Kisha nikamwambia Tante, "Linda hii beseni muzuri," nikaingia kuimba.

Sasa, kwetu mama hawezi kuacha maji wazi inje, ni haya, kuku atakunywa, vumbi itaingia. Tante akafunika na sinia, juu ya sinia kitenge, juu ya kitenge jiwe. Ibada ikawa ndefu (muhubiri alitoka Kirumba, hakuwa na haraka), jua inawaka bure.

Tukatoka. Nikaondoa jiwe, kitenge, sinia. Bluu ileile.

"Tante, nani alifunika?"

"Ni mimi. Si ulisema nilinde?"

"Mais poda inahitaji jua."

"Hiyo ya jua ulimwambia nani?"

(Photocatalyse, ile neno kubwa ya chimie, nilitaja mara mingi. Jua, hata mara moja.)

Chefu akakohoa. "Mwalimu, tunangojea uso."

Nikanawa. Ningefanya nini? Uso na masikio ikageuka bluu. Muhubiri aligeukia ukuta ili acheke.

Chefu akatupatia siku ya Mungu yenye kufuata, nafasi ya mwisho. Tante mwenyewe akasimama pale toka asubuhi, anafukuza kila mutu mwenye kivuli yake inagusa beseni, hata chefu: "Songa kidogo, unatuzibia jua." Jua ilipoanza kulala, maji ilikuwa safi, poda imelala chini. Chefu akainama, akaangalia sana, akasema kazi iendelee.

Tangu pale, nikimwachia mutu kitu alinde, namwambia kwanza kinaishi na nini.

Tante akachota ile maji, akanipatia. "Sasa nawa."

Nikanawa. Bluu ya masikio ikakataa kutoka.